Idi Katika Uwanja wa Mbuzi

Jumanne, 12 Machi

Leo ni mfungo wa kwanza, na mwaka huu nimeamua kuandika. Nyumbani kwetu kila Ramadhani ikiisha tunabishana miezi kumi na moja nani alisema nini, na Mama, ambaye hajui kusoma, hushinda kila mara kwa sababu ana sauti kubwa. Safari hii nitakuwa na ushahidi. Ninaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa hivyo atakayesoma asishangae akikuta kiuno cha mwalimu mkuu katikati ya ibada.

Sisi Waislamu wa Ikutha ni wachache. Ukijumlisha wazee, watoto na wale wanaoonekana Ramadhani tu, hatufiki thelathini. Watu wa soko huita upande wetu Kwa Asomba, yaani kwa Waswahili, ingawa wengi wetu ni Wakamba kama wao. Msikiti wetu ni chumba cha mabati nyuma ya duka la misumari na saruji la Mzee Abubakar, na Ijumaa tunabanana humo mpaka wengine wanaswalia mlangoni. Swala ya Idi hatujawahi kuiswali hapa hata mara moja. Kila mwaka tunavuka mto Athi kwenda Kibwezi, tunakuwa wageni wa watu, jioni tunarudi.

Mama hajavuka tangu nyonga iharibike, miaka saba sasa. Mwaka jana tuliporudi kutoka Kibwezi tulimkuta amekaa juu ya mkeka, leso mpya mwilini, hina mikononi, ameelekea kibla peke yake. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Akaniuliza, "Watu walikuwa wengi?" Nikamwambia ndiyo, walikuwa wengi. Sijawahi kujiona mtu mbaya kama siku ile.

Kwa hivyo leo, muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ikiwa mezani na tende zimeshaliwa, nimetangaza kwamba mwaka huu Idi itaswaliwa Ikutha na Mama ataswali safu ya mbele ya wanawake. Mama amemaliza kutafuna kwanza. Kisha akasema, "Na nani ataswalisha? Wewe?"

Jumatano, 13 Machi

Jua. Nimeshona kanzu mbili na kuharibu ya tatu. Kiu.

Ijumaa, 15 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa nimemwendea Mzee Abubakar dukani. Yeye ndiye mkubwa wetu. Ana miaka sabini na minne na hapendi jambo lolote ambalo halikuwako alipokuwa na thelathini.

"Mzee, mwaka huu tuswali Idi hapa."

"Hapa wapi? Juu ya saruji?"

"Tutafute uwanja."

"Esha, Idi si chai, useme utachemsha popote. Inataka uwanja safi. Inataka ruhusa. Inataka imamu anayejua hotuba. Wewe una nini kati ya hivyo?"

Sikuwa na hata kimoja. Aliyenijibia ni Kisilu, ambaye alikuwa amesimama pale na gambuti zake akisubiri kuuziwa misumari. Alisema, "Mzee, tukitafuta vyote vitatu, utakubali?" Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa na mzani wa dukani, akasema atakubali, kwa sababu alijua hatutavipata.

Nieleze kuhusu Kisilu. Ni mwana wa marehemu Muthama wa kule Kasaala, alikulia kanisani, na miaka kumi na tano iliyopita alisilimu mwezi uleule ambao kichinjio kilitafuta Mwislamu wa kuchinja. Hapa nyama ya bucha haiuziki kwa kila mtu bila mkono wa Mwislamu, kwa hivyo hiyo ni kazi ya maana. Mimi nimekuwa nikisema waziwazi, na watu wamekuwa wakicheka, kwamba Kisilu alisilimu kwa ajili ya kisu. Leo amenisaidia na sikumshukuru.

Jumatatu, 18 Machi

Kwa chifu. Chifu Mutunga ni mtu wa heshima ila hujibu kila swali kwa swali.

"Mtaomba watu wangapi?"

"Kama thelathini."

"Na kelele?"

"Hakuna kelele, chifu. Ni takbira tu."

Uwanja wa shule umelimwa nusu na nusu nyingine ni matope. Uliobaki Ikutha nzima ni mmoja, uwanja wa mnada wa mbuzi. Chifu akafungua kalenda ukutani, akaweka kidole. Mnada ni kila Jumatano. Idi itaangukia Jumatano ya tarehe kumi au Alhamisi ya kumi na moja, mwezi wenyewe ndio utaamua.

"Ikiwa Alhamisi, hakuna shida. Ikiwa Jumatano, saa tatu kamili huo uwanja uwe empty. Wafanyabiashara wakinipigia simu ati wamezuiwa na watu wanaomba, mimi nitawaambia nini?"

Nikamwambia tutakuwa tumemaliza. Akaniandikia barua hapohapo. Nimetoka ofisini nikiwa nimevimba kichwa.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni limevuja palepale pa mwaka jana.

Jumapili, 24 Machi

Mzee Abubakar amekwenda kukagua uwanja. Alisimama getini, akainua kanzu kidogo, akatazama. Samadi ya mbuzi imelala pale tangu enzi za mkoloni. Akasema, bila kugeuka, "Kwa madhehebu yetu hii ni najisi. Barua ya chifu haitwaharishi mavi." Akarudi dukani akiwa na furaha yake.

Kisilu alikuwa nasi. Akachutama, akachimba kwa kisu cha mfukoni. Samadi ni inchi mbili, chini yake ni mchanga mwekundu msafi. Akasema, "Tunaparura pembe moja tu, ile ya juu ambako maji hayasimami. Halafu tunatandika turubai."

"Turubai za nani?" nikauliza.

Wote wawili tulijua za nani. Turubai kubwa Ikutha ziko kanisa la juu, na funguo za stoo anazo mwenyekiti wa akina mama, Syombua.

Mimi na Syombua hatusalimiani. Mwaka juzi nilishona nguo za kwaya yao, ishirini na mbili, na akasimama katikati ya soko akasema nimezishona pana hivyo ili kuwasilimisha Wakristo kwa ujanja. Watu walicheka wiki nzima. Mimi nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu nimefunga.

Jumatatu, 25 Machi

Sitaenda kwa Syombua.

Jumanne, 26 Machi

Mama ameniuliza kama nimeshaenda kwa Syombua.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeenda. Nilimkuta shambani akipalilia ndengu.

"Mama Ndeti, habari ya shamba."

"Ya shamba ni magugu. " Akaniita kwa jina la binti yangu, kama zamani, "Mama Nasima, umepotea njia?"

"Nimekuja kwako."

"Mwaka mmoja na miezi hunisalimu, leo unakuja mpaka shamba. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Nataka turubai za kanisa. Tunataka kuswali Idi hapa, na mama yangu hawezi kuvuka kwenda Kibwezi."

Aliacha jembe. Nilidhani atacheka, na kweli akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndengu. Kisha akajifuta macho, akaniuliza nyonga ya Mama inaendeleaje. Nikamwambia vilevile.

"Zile nguo zako," akasema, "mpaka leo hatuvai. Kuimba ndani yake ni kama kuimba ndani ya tenti. Ziko kwa sanduku. Pasaka ni hii Jumapili. Uzipunguze zote, kwaya ivae. Jumatatu ya Pasaka ikiisha, turubai ni zenu mpaka Idi ipite."

"Leo ni Alhamisi, Mama Ndeti."

"Najua leo ni nini. Najua pia umefunga, ndio maana sikukaribishi uji."

Niandike ukweli kwa sababu hakuna anayenisoma: nguo zile zilikuwa pana kweli. Nilichukua kipimo cha yule mama mnene wa sauti ya pili nikakata zote kwa kipimo hicho, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwaka mmoja na miezi nimenuna kwa kosa langu mwenyewe.

Jumamosi, 30 Machi

Ishirini na mbili. Mimi kwenye cherehani, Mama akifumua mishono kwa wembe, tangu alfajiri hadi magharibi siku mbili mfululizo, sote tumefunga, koo kavu. Mama alikuwa akiinua kila nguo na kuuliza ni ya nani, kisha anasema jambo moja kuhusu nyanya wa huyo mtu. Sikujua kwamba anawafahamu watu wote hivi. Kabla hajaolewa na baba yangu, yeye mwenyewe aliimba katika kanisa hilo.

Jumapili, 31 Machi

Kwaya imepita barabarani ikitoka ibadani. Nguo zinawakaa sawasawa. Syombua alikuwa mbele, hakugeuza shingo, lakini aliinua mkono.

Alhamisi, 4 Aprili

Ustadhi wa Kibwezi, niliyemwomba atuswalishie Idi, amethibitisha kwa simu. Atakuja siku moja kabla, alale kwa Mzee Abubakar, aswalishe na kutoa hotuba. Sasa tuna vitu vyote vitatu. Nimemwambia Mama akapake hina. Akasema hina haipakwi kabla mwezi haujaandama, lakini nimemwona akitafuta bakuli.

Mvua usiku na mchana. Mto umejaa mpaka kingoni, wasema wanaotoka huko.

Jumapili, 7 Aprili

Mto umekula barabara. Si daraja lenyewe, ni kipande cha upande huu, kimekatika na kubaki shimo linaloweza kumeza lori. Magari yanageuza. Ustadhi amepiga simu saa nne, sauti yake imejaa huruma, amesema hawezi kufika na tusimlaumu.

Tulikutana barazani kwa Mzee Abubakar baada ya alasiri, watu wazima wote, mvua ikipiga bati mpaka ilibidi tuongee kwa nguvu. Mzee akasema, "Basi. Tumejaribu. Mwaka ujao, Mungu akipenda."

Mimi sikukubali. Nilimwambia, "Mzee, swalisha wewe. Ndiye mkubwa wetu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, na haukuja. Akasema polepole, "Esha, mimi sijui. Miaka yote hii nimeswali Idi nyuma ya watu. Sijawahi kusimama mbele. Nitasahau takbira, nitaaibika mbele ya watoto wangu." Hapo ndipo nilipoelewa yale masharti yake yote. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba Mzee Abubakar anaweza kuogopa.

Kisha Kisilu, kutoka kwenye ngazi, akasema, "Mimi najua."

Sijui nini kilinipata. Labda ni njaa, labda ni hasira ya mto. Nilisema, mbele ya wote, "Wewe unajua kisu."

Hakuna aliyecheka. Kisilu alipangusa gambuti yake kwenye ukingo wa ngazi, mguu mmoja, kisha wa pili. "Ni sawa, dada Esha," akasema, akaondoka na mvua.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa amekaa kitandani.

"Umemwambia nini mtoto wa Muthama?"

Nikamweleza. Nikamweleza na sababu, kwamba kila mtu anajua aliingia dini kwa ajili ya kazi.

"Na mimi niliingia kwa ajili ya nini?" Mama akauliza.

Alinionyesha mkekani, nikakaa.

"Niliingia kwa ajili ya mwanamume. Baba yako Abdulmalik alikuja hapa na mzigo wa vitambaa na meno meupe, nami nikamtaka. Sikujua swala, sikujua funga, sikujua Mtume ni nani. Nthenya wa kwaya nikawa Zuhura ndani ya wiki moja. Baba yako alikufa, na mimi bado ninaswali. Kuna siku umeniuliza niliingiaje?"

"Hapana, Mama."

"Basi kamlete huyo kijana. Kesho. Nataka kumsikia."

Nilijifunika uso kwa leso nikalia, na sikulia kwa uzuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemfuata Kisilu kichinjioni saa kumi na mbili asubuhi. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia. Alikuwa ndani peke yake, anafagia maji, anasoma hotuba ya Idi kwa sauti, anakosea neno, anarudi nyuma, anasoma tena. Nilisimama nje mpaka akamaliza.

Nikamwambia Mama anamwita. Hakuniuliza ni kwa nini. Njiani alinieleza kwamba miaka tisa sasa kila Idi kule Kibwezi husimama safu ya kwanza nyuma ya imamu, makusudi, na akirudi huandika kila alichosikia, kisha mwaka unaofuata hulinganisha. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Ningemwambia nani?"

Mama alimkalisha kwenye kigoda. Kisilu akasoma Fatiha, akasoma sura zake mbili, akaeleza takbira saba na takbira tano na kinachosemwa katikati, kisha akatoa hotuba nzima akitazama sakafu. Mama alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza, Mama akasema neno moja, "Huyu."

Mzee Abubakar, tulipomwambia, alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Akasema Mama Zuhura akishasema yeye hana la kuongeza. Kisha akamshika Kisilu mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama takbira saba ni pamoja na ile ya kwanza au bila.

"Bila, mzee."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema Mzee.

Jumanne, 9 Aprili

Mfungo wa ishirini na tisa. Leo tumeparura. Kisilu alileta mikokoteni miwili ya kichinjio, sisi wanawake majembe na fagio. Ilipofika saa nne Syombua akaingia getini na akina mama watatu wa kwaya, kila mmoja na reki, turubai zikiwa juu ya punda. Sikuwa nimemwomba waje kufanya kazi.

"Mnafagia kama watu wamefunga," akasema, na akatuondoa.

Samadi imekwenda yote kwenye shamba lake la ndengu. Anasema hiyo ndiyo sadaka yake kutoka kwa Waislamu. Mzee Abubakar alipiga magoti kila pembe akanusa mchanga, akainuka, akasema kwa shingo upande kwamba panafaa.

Magharibi tulitoka wote kutazama mwezi. Mawingu matupu. Tulisikia kwa redio kwamba umeonekana kwingine. Mama alinituma kwa jirani mara mbili kuuliza kama redio yao nayo imesema hivyo. Kesho ni Idi, na kesho ni Jumatano.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Niandike yote, nisisahau hata moja.

Mvua ilikatika kabla ya alfajiri. Tulikwenda kufuta turubai kwa leso kuukuu, mbili za buluu na moja ya kijivu yenye jina la kanisa pembeni, tukaigeuza. Nilirudi kumchukua Mama. Nilikuwa nimemwita mtu wa bodaboda, Mama akamtazama akamwambia aende zake. "Idi huendewa kwa miguu," akasema. Kutoka kwetu hadi uwanjani mimi hutumia dakika tano. Mama alitumia arobaini, ameshika fimbo upande mmoja na bega langu upande mwingine, leso mpya ya manjano, hina mpaka kwenye viwiko. Alisimama mara sita. Kila aliposimama mtu alitoka dukani kumsalimu kama nyanya yake. "Susu, unaenda wapi mapema hivi?" Na yeye, kila mara, "Naenda kuswali Idi."

Tulipofika getini nikaona malori manne. Nikasema moyoni, mnada umetuwahi. Wafanyabiashara wa mbuzi wa upande wa Mutha walikuwa wamefika mapema kwa kuogopa barabara. Mmoja wao, mzee mwembamba mwenye ndevu nyekundu za hina, akamwendea Kisilu.

"Mnaswali hapa?"

"Tunaswali hapa."

"Sisi tulikuwa tunasikitika tu, Idi imetukuta njiani. Tuko arobaini na mmoja. Kuna nafasi?"

Kisilu akatazama turubai zetu, akatazama wale watu. "Mtaenea," akasema. Wakafunga mbuzi, wakachota maji, wakatawadha. Tulitarajia thelathini, tukawa sitini na tisa. Nilihesabu mara mbili.

Saa moja na nusu. Takbira zilipoanza, na zile sauti nene za wenye mbuzi zikiitikia, nami niliitikia nazo. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, safu ya mbele ya wanawake, kama nilivyoahidi.

Kisilu akasimama mbele katika kanzu iliyomfupia mikono. Nilimwona akivuta pumzi. Akafunga swala. Akaleta takbira ya kwanza katika zile saba, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne nikasikia Mzee Abubakar, katikati ya safu ya kwanza, kwa sauti kamili na bila wasiwasi wowote, akigeukia kulia na kutoa salamu. Akageukia kushoto akatoa ya pili. Na watu sita wa Ikutha pamoja naye.

Nikaelewa mara moja. Swala ya jeneza ni takbira nne, kisha salamu. Kibwezi tulifuata tu wenyeji, lakini hapa kwetu tangu zamani hatujawahi kutoka nje kuswali pamoja chini ya jua ila kwa ajili ya maiti. Baba yangu tulimswalia hivyo, takbira nne. Miili yetu haikujua kwamba watu wazima wanaweza kupanga safu nje, wakapiga takbira, na pasiwe na aliyekufa.

Kisilu hakugeuka wala hakutetereka. Alileta takbira ya tano kwa sauti kubwa zaidi, akangoja kidogo, na nikasikia Mzee na wenzake wakifunga swala upya mmoja mmoja. Kisha ya sita. Kisha ya saba. Akasoma Fatiha, na sauti yake ilikuwa imetulia. Rakaa ya pili hakuna aliyekosea.

Hotuba aliianza kwa Kiarabu, akaiendeleza kwa Kiswahili. Katikati akanyamaza. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa akimtazama Mama. Akasema, "Umunthi ni muthenya wa utanu," leo ni siku ya furaha, na akaendelea kwa Kikamba moja kwa moja. Akasema juu ya funga na njaa ya jirani, akasema tusamehane leo kabla hatujala, akasema asante kwa watu wa turubai. Kwenye uzio watu wa soko walikuwa wamesimama na kusikiliza, na kwa mara ya kwanza walielewa kila neno.

Mama amekuwa Mwislamu miaka hamsini na mmoja. Hotuba zote alizowahi kusikia zilikuwa kwa lugha za watu wengine, naye akakaa kwa adabu akingoja ziishe. Leo aliinua uso, akaitikia kwa sauti baada ya kila sentensi, kama wanavyoitikia wazee wa Kikamba. Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa sawa.

Getini ng'ombe na mbuzi wa wenyeji walikuwa wameshajaa, na Syombua amesimama katikati ya mlango na fimbo. "Hakuna mbuzi inaingia. Watu wanaomba." Mtu mmoja akamwambia saa tatu imepita. Chifu Mutunga alikuwa pembeni yake. Akatazama saa ya mkononi, akashusha mkono wa koti juu yake.

"Nani amesema imepita?" akauliza.

Tulipomaliza nilimfuata Kisilu kabla sijamkumbatia mtu mwingine. Nikamwambia kwamba miaka kumi na tano nimewaambia watu alisilimu kwa ajili ya kisu, na ninamwomba msamaha.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Na ni kweli, dada. Nilikuja kwa ajili ya kisu. Nilikuwa na njaa. Lakini sikuondoka."

Nikamshika mikono yote miwili. Wenye mbuzi wakapita katikati yetu wakimwita imamu, wakimvuta aende kula nao.

Mama alikataa kuondoka. Alikaa kwenye kiti chake pembeni ya mnada, mbuzi wakiuzwa huku na huku, na watu wakaja kumpa mkono wa Idi mpaka adhuhuri, Waislamu na wasio Waislamu, Syombua wa kwanza, naye akamwambia kila mmoja, "Karibu kwetu." Pilau imeliwa yote. Turubai zimerudi kanisani, safi kuliko tulivyozichukua.

Alhamisi, 11 Aprili

Ustadhi wa Kibwezi amepiga simu asubuhi. Nimeiweka sauti juu ili Mama asikie. Ameomba radhi tena kwa sababu ya mto, akauliza tulifanyaje. Nimemwambia tuliswali, tulikuwa sitini na tisa. Akasema mwaka ujao atakuja mapema, siku tatu kabla, ili tusibaki tena bila mtu.

Mama akanyoosha mkono nimpe simu.

"Ustadhi, njoo, karibu sana," akamwambia. "Tutakuwekea nafasi nzuri safu ya kwanza. Imamu tunaye."